Dakika Mia na Ishirini

Oulu, 9 Novemba

Dada Adosinda,

Salamu zitangulie, malalamiko yafuate, maana ni mengi na yana haraka.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu Mama hataki simu. Anasema simu huwezi kuiweka chini ya mto ukaisoma tena kesho. Basi msomee. Mwambie nimeshazoea. Kuvaa nguo za kutokea kunanichukua dakika kumi na moja na kuvua dakika sita, kwa hiyo kila nikienda kununua mkate napoteza dakika kumi na saba ambazo kwetu Setúbal ningekuwa nimeshaula mkate wenyewe. Viatu vinaachwa mlangoni, hata fundi wa mabomba anavua. Kwenye koti unaning'iniza kidude kinachong'aa ili magari yakuone gizani, maana giza lenyewe linaanza saa tisa na nusu mchana. Yale mafuta ya zeituni aliyonitumia niliyasahau kwenye buti ya gari. Asubuhi yalikuwa yameganda kama samli. Nikayapaka kwenye mkate kwa kisu. Matamu.

Karakana wananipenda, nadhani. Watu wa huku Ufini ni vigumu kuwajua. Juzi nimemaliza kuwamba sofa la zamani, springi thelathini na sita, zote nimezifunga kwa mkono. Bosi wangu, Osmo, akalizunguka mara mbili, akasema, "Ndiyo." Basi. Päivi, mwenzangu wa meza ya jirani, akaninong'oneza: "Hiyo ni hotuba, Zulmira. Mimi nilisubiri miaka miwili." Muda wangu wa majaribio unaisha mwisho wa Februari. Nikipita, kazi ni yangu. Nisipopita, narudi na masanduku mawili na miaka hamsini na miwili kwenye mji ambao karakana yangu imeshageuzwa duka la aiskrimu la watalii. Mimi sirudi kuuza aiskrimu, Dada.

Sasa sikiliza kinachoniudhi. Huku gari haliwashwi hivihivi. Kila gari lina kipasha injini, na kila sehemu ya kuegesha ina nguzo yenye kisanduku cha umeme. Jioni unachomeka waya, unazungusha saa iliyomo kisandukuni, injini inapashwa kabla hujaamka. Mimi natoka saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo naweka saa kumi na mbili kasorobo. Nusu saa. Nimeamka, niko dirishani na kahawa yangu, naliona gari. Unajua kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na nne, ni mimi niliyetoka wa mwisho, na chungu cha gundi kilikuwa kwenye umeme. Karakana ya Baba iliungua yote hadi misumari. Waya hauwezi kuachwa na umeme huku mimi nimelala.

Lakini kuna mtu anazungusha saa yangu! Mara nne katika siku tisa nimekuta imewekwa saa kumi na robo. Saa mbili nzima waya unawaka na mimi nakoroma! Nani huyo? Jengo lina vyumba ishirini na nne na hakuna hata mmoja anayesema habari za asubuhi.

Mdogo wako aliyeudhiwa,
Zulmira

*

Setúbal, 19 Novemba

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu: moja kwa Mama, moja kwa mume wangu Belarmino, moja kwa mwenye bucha aliyeuliza. Mama anasema vaa soksi mbili na usiongee ukiwa nje, baridi inaingilia mdomoni. Nikamwambia kama ni hivyo, Zulmira ameshakufa zamani.

Huyo wa kuzungusha saa ni mwanamume? Ana umri gani? Ana meno? Usinijibu kwa hasira, nauliza tu.

Shemeji yako amecheka mpaka akashika meza. Anasema, "Huyo kabla ya Karnivali yuko hapa, namjua, hata jokofu langu alitaka kulichomoa." Basi tumewekeana dau. Ukirudi kabla ya sherehe za Karnivali, kabla Kwaresima haijaanza, mimi namwoshea gari mwaka mzima. Usiporudi, yeye anavaa aproni yangu, ile ya maua, na anaukaangia ngisi ukoo mzima, watu kumi na tisa, na vyombo anaosha. Kwa hiyo, Zulmira, kama unanipenda, ganda huko huko.

Ila ana roho nzuri. Amekuchagulia kufuli dukani kwake, la shaba, imara, limo kwenye kifurushi hiki. Anasema, "Afunge kisanduku chake, ugomvi uishe." Na mimi naona hivyo. Sisi mtu akikugusia kitu chako tunamwita dirishani mtaa mzima usikie, huko mnanyamaziana. Basi kufuli liseme.

Dada yako,
Adosinda

*

Oulu, 3 Desemba

Dada Adosinda,

Karatasi hii ya kwanza ni ya Mama.

Mama, soksi ni mbili, na ya tatu ya sufi kanifumia Päivi bila kuniambia. Niliikuta kwenye mfuko wa aproni. Jua linachomoza saa nne asubuhi na kuzama saa nane na nusu, na saa ya chakula cha mchana wafanyakazi wote wanasimama dirishani kimya wakiliangalia kama mgeni aliyekuja kuaga. Pua ikigandamana unapovuta hewa, ujue imevuka nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Sihitaji kipimajoto tena. Nimeanguka mara tano, zote kwa makalio, hakuna kilichovunjika. Sasa natembea kama bata. Wote tunatembea kama bata, hata meneja wa benki. Nakula vizuri. Supu yao ya samaki wanaitia maziwa. Nilikasirika siku ya kwanza, sasa naongeza bakuli.

KARATASI YA PILI. HII USIMSOMEE MAMA.

Adosinda, nimechelewa kazini mara mbili. Mara zote gari liligoma, nyuzi kumi na saba, na nyuzi ishirini na moja. Mara ya kwanza dakika arobaini. Mara ya pili dakika hamsini na tano, nikaja na basi, nikabadilisha mara mbili. Osmo hakupiga kelele. Laiti angepiga! Aliangalia saa ya ukutani akasema, "Ya tatu tutaongea." Mtu ambaye kwa mwezi anasema maneno mia moja anataka tuongee! Unaelewa maana yake. Päivi alinifafanulia bila kuulizwa: kijana wa kabla yangu waliongea naye siku ya Jumanne, Jumatano meza yake ikawa tupu.

Na mgusa saa nimemjua. Niliacha karatasi kisandukuni, kwa Kifini changu cha miezi mitatu: "Wewe unayegusa saa, usiguse." Kesho yake nikakuta jibu kwa penseli: "−19. Dakika 120. Kurkela, chumba cha 2." Hakuna bwana wala bibi, hakuna samahani. Nikageuza karatasi, nikaandika: "Zangu dakika 30. Zinatosha." Naye akajibu: "Hazitoshi."

Hazitoshi! Nilikwenda kumgongea. Akafungua mzee wa karibu miaka themanini, mrefu kama ngazi, soksi za kijivu. Nikamwambia ni gari langu, ni waya wangu, na mimi nimewahi kuona moto. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hapa haliungui. Hapa linaganda." Akanifungia mlango polepole, kwa adabu kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Meno anayo, kwa kuwa uliuliza. Gari hana! Daktari wa macho alimnyang'anya leseni miaka miwili iliyopita, kaniambia Saimi, mama anayeendesha trekta la kuondoa theluji uani. Gari hana, nguzo anayo bado, na kila jioni anashuka na tochi kupekua za wenzake.

Kufuli la shemeji limefika. Nimelifunga leo. Mwambie ahsante.

Zulmira

*

Setúbal, 14 Desemba

Mdogo wangu,

Nisamehe kabla sijasema. Jana nilikwenda kutoa nguo kwenye kamba, niliporudi Mama alikuwa na karatasi ya pili mkononi, miwani puani. "Macho yangu hayaoni uzi kwenye sindano," akasema, "lakini USIMSOMEE MAMA nimeiona tangu mlangoni." Sasa ananiamuru niandike neno kwa neno, na ananipiga gotini kila nikiacha kuandika. Haya hapa.

Zulmira mwanangu. Mimi nina miaka themanini na minne na sina muda wa kuzunguka. Chungu cha gundi hakikuchoma karakana. Ulikichomoa. Nilikiona mimi mwenyewe asubuhi ile, waya umeviringishwa vizuri kama unavyoviringisha wewe, haukuungua hata ncha. Moto ulianzia kwenye gunia la nywele za farasi za kujazia viti, pale Baba yako alipokaa kuvuta sigara usiku baada ya wewe kutoka. Alijua. Mimi nilijua. Watu walipouliza, akasema "umeme", na umeme hauna wa kuutetea. Nilidhani neno lile litakwenda kwa watu, sikujua kwamba lilikuja kwako likakaa. Halafu akafa, na mtu huwezi kumvua marehemu kofia. Lakini sasa naona mwanangu anakaribia kupoteza kazi kwa sigara ya mtu mwingine. Acha waya uwake. Msikilize huyo mrefu.

Mimi Adosinda nilikuwa sijui. Naapa kwa watoto. Tangu jana naipika supu ileile mara mbili.

Adosinda

*

Oulu, 9 Januari

Dada Adosinda, na Mama, maana hakuna siri tena nyumba hiyo,

Barua yenu imekaa njiani siku ishirini na nne kwa sababu ya Krismasi. Imefika juzi, tarehe saba. Ingefika tarehe sita, nisingekuwa na la kuwaandikia. Sikilizeni.

Tarehe saba, siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Theluji ya baridi hiyo inalia chini ya kiatu kama kiti kibovu. Kipasha kilipata nusu saa yake, kama nilivyoamuru. Nikawasha. Gari likakohoa mara moja, kama mgonjwa anayemkatalia daktari, likanyamaza. Nikasema nitazungusha saa, lipate dakika nyingine. Nikatia ufunguo kwenye kufuli la shemeji. Kufuli limeganda. Nikalipulizia, nikazungusha kwa nguvu, na ufunguo ukakatika, nusu mkononi, nusu ndani.

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini. Basi lilishapita. Nilikaa kwenye usukani nikahesabu: kilomita ishirini na moja, dakika arobaini, ya tatu tutaongea. Nimejijenga mwenyewe tangu miaka kumi na sita, sijawahi kufukuzwa popote, na nilikuwa nafukuzwa na kufuli. Nililia, na usicheke, chozi liliganda kwenye kope.

Mtu akagonga kioo. Kurkela. Koti juu ya nguo za kulalia, kofia ya manyoya. Akaangalia kufuli. Akaniangalia. Nikajiandaa kusikia. Mimi ningekuwa yeye, Adosinda, ningesema mpaka Pasaka! Akauliza, "Kazi saa ngapi?" Nikamwambia saa moja. Akageuka, akatembea kwa mwendo wake wa bata mpaka katikati ya uwanja, akapiga nguzo ya chuma kwa fimbo mara tatu. Saimi alikuwa anasukuma theluji; akazima taa ya juu, akasogea.

"Huyu," akasema mzee. "Haukipudas." Ndiko iliko karakana.

"Nina nyua tatu bado, Taisto."

"Zitangoja."

Saimi akanitazama, akasogeza thermosi yake kitini. "Panda basi, mama wa kufuli."

Trekta linakwenda kilomita arobaini kwa saa. Kilomita ishirini na moja ni dakika thelathini na moja na nusu. Tuliondoka saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita. Nilimwambia Saimi tutafika dakika mbili kabla, akasema, "Wewe unahesabu, mimi nakanyaga," na tukaenda na jembe la chuma limeinuliwa mbele kama kidevu cha mwanajeshi. Osmo alikuwa mlangoni anafagia. Akaliona trekta. Akaniona nashuka, ngazi tatu, kwa makalio. Akatazama saa yake.

"Dakika mbili," akasema.

"Kabla," nikasema.

"Kabla," akasema. Na nawaapieni, mdomo wake ulisogea upande mmoja.

Jioni ndipo nikaikuta barua yenu sakafuni.

Mama. Nimesoma nimesimama, koti mwilini, mpaka jasho likanitoka. Kisha nikafanya hesabu, maana nisipofanya hesabu navunja sahani. Kuchomoa nyaya mara nne kwa siku, siku mia tatu na sitini na tano, miaka thelathini na minane: mara elfu hamsini na tano mia nne na themanini. Nimekosa mwanzo wa kila filamu. Nimerudi kutoka harusini kwako, Adosinda, kwa ajili ya pasi! Nina haki ya kukasirika na nitakasirika, nimejipangia mpaka Jumapili. Baba nitamwambia yangu tukikutana.

Lakini juzi usiku, Mama, Saimi alipokwisha kulikata kufuli, nilichomeka waya, nikaweka saa kumi na robo, nikaenda kulala. Sikulala mpaka saa nane. Jana nililala saa sita usiku. Naendelea kupunguza.

Zulmira

*

Oulu, hospitali, 16 Februari

Zulmira,

Nyonga imevunjika. Barafu, mbele ya mlango. Wanasema wiki sita, kisha kwa binti yangu, mjini Kajaani. Tochi iko juu ya kabati la viatu, Saimi ana ufunguo. Nguzo saba. Ya 3 anatoka 11.40 alfajiri, zamu. Ya 8 anasahau. Ya 11 hasahau, usimguse. Chini ya −5, dakika 60. Chini ya −10, 120. Nimeendesha gari la maziwa miaka 41, halikukataa hata siku moja. Gari sasa sina. Mtu lazima awe na kitu cha kushukia jioni.

Kiti ulichoniwambia ni kizuri.

Taisto Kurkela

*

Oulu, 18 Februari

Mzee Kurkela,

Barua yako ina sentensi kumi na nne. Nimezihesabu. Nilidhani imeandikwa na muuguzi.

Nguzo saba nimezipita jana na leo, dakika kumi na nne kwa mzunguko, nitashusha mpaka kumi na mbili. Wa 8 alisahau. Wa 3 alinikuta uani, akanyanyua kofia. Kofia, mzee! Baada ya miezi sita!

Kiti ni kizuri kwa sababu nywele za farasi ni halisi, na kwa sababu kwenye hicho kiti hakuna mtu wa kuvuta sigara, umesikia? Lala. Ukirudi nakupikia samaki wa chumvi kwa mafuta ya Mama, yaliyoganda au yaliyoyeyuka, utachagua.

Zulmira

*

Oulu, mkesha wa Karnivali

Dada Adosinda, Mama, na wewe shemeji,

Mwanzo ni kwa shemeji. Vaa aproni. Ijumaa, siku ya mwisho ya majaribio, saa tisa alasiri Osmo alisema, "Tuongee." Nikaweka nyundo mezani isinianguke. Akanipeleka ofisini, akafunga mlango, akasukuma karatasi mbele yangu. Nikaisoma yote, kurasa tatu, na kamusi. Kazi ya kudumu. Nikamuuliza, "Si ulisema tutaongea?" Akafikiri. "Tumeongea," akasema. Nje, Päivi alikuwa ameweka keki kwenye meza yangu, na wenzangu sita wamesimama wamekunja mikono, wanaangalia sakafu kwa furaha.

Ngisi ni wa watu kumi na tisa, shemeji, na unga usiwe mzito. Mama asimame nyuma yako.

Mama, sasa nalala saa tano na dakika chache, waya umechomekwa. Juzi nimeacha hata taa ya jikoni. Makusudi! Nimekaa kitandani naona mwanga wake chini ya mlango, nikasinzia.

Habari nyingine ni ndogo. Chumba cha 15 amehamia bwana mmoja kutoka Turku, kusini, ambako nasikia baridi yao ni ya kuchezea. Gari jipya, linang'aa. Ameweka kipasha dakika ishirini. Nimemrekebishia siku tatu, kimyakimya, nikipita na tochi. Leo jioni nimekuta karatasi imebandikwa kisandukuni kwake, herufi kubwa, alama za mshangao nne: NANI ANAGUSA SAA YANGU? AACHE!!!! NITAFUNGA KUFULI.

Nilisimama pale nikacheka mpaka mvuke ukanifunika uso. Kisha nikavua glavu, maana penseli haishikiki, nikaandika chini yake:

"−24. Dakika 120. Kufuli ninalo moja, la shaba, ufunguo umekatikia ndani. Ukilitaka, ni bure. Zulmira, chumba cha 6."

Halafu nikazungusha saa yake, nikapanda kulala.